Mzee wa Kofia Pana

Sisi wahariri wa zamani wa Nairobi tulimjua Robert O. Anderson kupitia gazeti. Mwaka 1976 kampuni yake ya mafuta, Atlantic Richfield, ililichukua The Observer la London lililokuwa likizama, kwa pauni moja tu. Mwaka 1981 ikaliuza kwa Lonrho, ambayo huku kwetu ilimiliki The Standard. Wahariri wa London walipiga kelele. Sisi tulicheka; tulishaizoea Lonrho.

Anderson alizaliwa Chicago mwaka 1917, mtoto wa mwanabenki. Mwaka 1941 alikwenda New Mexico kuendesha kiwanda kidogo cha kusafisha mafuta, na nchi ile kavu ikamteka. Alinunua ardhi, akanunua tena, hadi akahesabiwa miongoni mwa wenye mashamba makubwa kabisa Marekani, akifuga ng'ombe na kondoo. Kofia pana ya wachunga ng'ombe aliivaa hata mbele ya wakuu wa benki.

Huko Alaska, ambako kampuni yake ilitafuta mafuta, kisima cha kwanza kilitoka kikavu. Mtambo ulikuwa umeshafika, akauacha uchimbe tena, na mwaka 1968 mafuta ya Prudhoe Bay yakapatikana. Bahati, nasema mimi, ila alikuwa na moyo wa kuisubiri.

Fedha zake zilikwenda kwa taasisi ya mijadala ya Aspen Institute, na pia, ajabu kwa mtu wa mafuta, kwa watetezi wa mazingira: alisaidia kuanzisha Friends of the Earth. Alifariki Roswell mwaka 2007, akiwa na miaka 90.