Kiharusi cha Joto: Huduma ya Kwanza katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Kiharusi cha joto ni hali ya dharura ambayo joto la ndani ya mwili hufikia nyuzi 40 za Selsiasi au zaidi na ubongo ukaanza kuathirika, hata mgonjwa akachanganyikiwa, akapayuka, akapata degedege au akazimia. Katika Karagwe, na katika Kyerwa iliyomegwa kutoka wilaya hiyo mwaka 2012, hali hii hudhaniwa kuwa ya watu wa pwani, kwa kuwa sehemu kubwa ya eneo hilo ni milima yenye hewa ya ubaridi. Dhana hiyo ni ya hatari, maana misuli inayofanya kazi nzito huzalisha joto lake yenyewe, na kijana mwenye afya anayechimba madini ya bati Kyerwa au kubeba magunia ya kahawa katika jua la Julai aweza kuanguka hali ngozi yake ingali imelowa jasho.

Kosa la kuogopwa zaidi ni kuidhania hali hii kuwa malaria, ugonjwa uliozoeleka katika mkoa wa Kagera zilimo wilaya hizi, ambao nao huleta mwili wa moto na akili kuvurugika. Parasetamoli, inayoshusha homa, haisaidii kiharusi cha joto na yaweza kuumiza ini lililokwisha kuelemewa. Kwa hiyo aliyeanguka ghafla kazini hupozwa kwanza, kipimo cha malaria kikafuata.

Njia bora ya kupoza ni kumzamisha mgonjwa hadi shingoni katika maji baridi, na pasipo na hodhi turubai la kuanikia kahawa linatosha: mgonjwa huvuliwa nguo za juu na kulazwa katikati yake kivulini, watu wanne au zaidi wakainua kingo zote, mwingine akimimina maji ya chemchemi ndoo kwa ndoo na kuyakoroga, na mmoja akikishika kichwa kisizame. Maji yakiwa haba, mwili wote huloweshwa na kupepewa kwa nguvu kwa kanga au sinia; vitambaa vibichi vya shingoni na makwapani peke yake havitoshi. Lengo ni kushuka chini ya nyuzi 39 ndani ya dakika 30. Asiyejitambua hanyweshwi chochote, na akitolewa majini hulazwa kiubavu.

Kumbana mgonjwa katikati ya watu wawili juu ya bodaboda kabla hajapozwa humzidishia joto. Baada ya kupozwa ndipo apelekwe hospitali, kama ile ya Nyakahanga au ya Isingiro, hata kama amezinduka na kusimama, kwa sababu madhara ya figo na ini huweza kujitokeza siku moja hadi tatu baadaye.