Sumu ya Zamani na Maziwa ya Mama: Je, Niache Kunyonyesha?

 

Siku moja kliniki, mama kijana kutoka Karagita alinivuta kando. Ni mfanyakazi wa shamba la maua, na mtoto wake alikuwa na miezi miwili. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba maziwa ya akina mama wa Naivasha yana sumu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, niache kunyonyesha nimpe ya kopo?"

Nilimjibu: usiache. Lakini swali lake lina historia ndefu. Ukiijua, hutatishwa na uvumi, wala hutaichukua hatari kama mchezo.

Historia hii inaanza mwaka 1939. Mwaka huo Paul Müller, mwanakemia wa Uswisi, aligundua kwamba DDT huua wadudu. Ilikuwa rahisi kwa bei, na ukuta ukipuliziwa mara moja, mbu waliendelea kufa kwa miezi. Mwaka 1948 alipewa Tuzo ya Nobel. Tusiwacheke waliofurahi. Kati ya 1954 na 1959, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, sehemu za Taveta na Pare, kulikuwa na mradi wa kupulizia nyumba dieldrini, dawa ya jamii moja na DDT. Malaria ilipungua, na vifo vya watoto wadogo vikapungua pia.

Lakini kile kilichozipatia sifa, yaani kudumu, ndicho kilichokuwa ubaya wake. Dawa hizi haziozi upesi. Haziyeyuki vizuri katika maji, bali katika mafuta. Mvua huzisomba hadi ziwani, zikakaa kwenye tope. Vijidudu vya tope huzila, samaki wadogo hula vijidudu, samaki wakubwa hula wadogo, nasi tunakula samaki. Kila hatua sumu huongezeka. Mwilini hujificha katika mafuta kwa miaka mingi. Mama akiwa mjamzito, sehemu yake hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Akinyonyesha, nyingine hutoka pamoja na mafuta ya maziwa.

Hilo si uvumi. Mwaka 1951 watafiti wa Marekani waliripoti kuwa wameikuta DDT katika maziwa ya akina mama. Hapa Kenya maziwa yalipimwa kati ya 1983 na 1985 katika sehemu mbalimbali za nchi, nayo ikapatikana.

Je, ina ubaya gani? Homoni ni wajumbe wa mwili. Ndizo huuambia mwili ukue lini, ubalehe lini, maziwa yatoke lini. Baadhi ya sumu hizi hujifanya wajumbe, na nyingine huziba mlango mjumbe wa kweli asiingie. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu ubongo na viungo vyake ndiyo kwanza vinajengwa. Tafiti zimehusisha DDT na watoto kuzaliwa kabla ya wakati, na maziwa ya mama kupungua mapema. Utafiti wa California uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mabinti ambao mama zao walikuwa na DDT nyingi katika damu wakati wa ujauzito walipata saratani ya matiti zaidi ya wenzao.

Kenya ilipiga marufuku DDT katika kilimo mwaka 1986. Mwaka 2001 mataifa yalikubaliana kuhusu Mkataba wa Stockholm wa kukomesha sumu zinazodumu, na Kenya ikauridhia mwaka 2004. Lakini sumu haisomi gazeti la serikali. Ziwa letu hupokea maji na udongo wa mito Malewa na Gilgil, wala halina mto unaotoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta mabaki ya DDT, dieldrini na lindani katika samaki wa Ziwa Naivasha.

Sasa sikiliza habari njema. Nchini Uswidi maziwa ya akina mama yamepimwa tangu miaka ya 1970. Baada ya marufuku, DDT ilishuka mwaka baada ya mwaka. Marufuku hufanya kazi, ila polepole. Nalo Shirika la Afya Duniani linasema: mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Maziwa hayo humkinga na kuhara na nimonia, magonjwa yanayoua watoto upesi. Ya kopo yakichanganywa na maji machafu ndiyo hatari ya leo.

Kwa hiyo nami nilimuuliza yule mama: "Maji ya kunywa unaweka wapi?" Akasema, katika mtungi mweupe uliokuwa wa dawa ya maua, aliouosha kwa sabuni. Mama, hapo ndipo penye kazi yetu:

- Mtungi wa dawa usiwekee maji, maziwa wala mafuta, hata ukiuosha mara kumi.
- Ukitoka kazini, badilisha nguo na unawe kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifue peke yake.
- Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, mwambie msimamizi mapema akuweke mbali na upuliziaji.
- Usiue kunguni au mende kwa dawa ya shambani, wala usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda.
- Usiwashe jiko kwa plastiki, wala usiichome karibu na nyumba. Moshi wake unaweza kuwa na dayoksini, sumu nyingine inayodumu.
- Samaki ni chakula kizuri. Mtoe matumbo na mafuta kabla ya kumpika.

Yule mama alirudi kwa chanjo ya wiki ya 14. Mtoto alikuwa ananyonya na uzito umepanda. Na ule mtungi? "Niliutoboa, Sista," akaniambia, "asije mwingine akauokota."

Ukiwa na swali kama lake, usibaki nalo nyumbani. Njoo kliniki tuongee.