Hitilafu za lenzi ya kamera

Hitilafu za lenzi ya kamera ni kasoro zinazotokea kwenye vioo vya lenzi, diaframu yake, sehemu zinazosogea au viunganishi vya umeme, na ambazo husababisha picha kukosa ukali, kupauka, kuwa na madoa au kutopigwa kabisa. Nyingi hutokana na vumbi, unyevu wa hewa, grisi iliyozeeka au kuangushwa. Baadhi hurekebishwa nyumbani kwa kitambaa safi na subira. Nyingine zinahitaji fundi mwenye vifaa. Makosa mawili ndiyo yanayoua lenzi nyingi nzima: kufungua lenzi isiyokuwa mbovu, na kuchelewa kufungua ile iliyoingia kuvu.

Kutambua chanzo

Kabla ya kugusa skrubu yoyote ni lazima kujua kama kasoro iko kwenye lenzi au kwenye kamera. Njia rahisi ni kupiga picha ya anga tupu au ukuta mweupe, tundu la lenzi likiwa dogo, kwa mfano f/16. Madoa madogo meusi yakionekana, lenzi nyingine hufungwa na picha hupigwa tena. Madoa yakibaki palepale, hilo ni vumbi lililokaa juu ya kihisi cha kamera, na lenzi haina kosa.

Hatua ya pili ni tochi. Lenzi hutolewa kwenye kamera, humulikwa upande mmoja, na jicho huangalia upande wa pili kwa mshazari. Chini ya mwanga huo hata lenzi mpya huonekana chafu, kwa hiyo mwenye lenzi asishtuke. Kinachotafutwa ni umbo. Punje zilizotawanyika ni vumbi. Nyuzi nyembamba zinazosambaa kama utando wa buibui au mizizi ni kuvu. Weupe uliotanda sawasawa, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, ni ukungu, ambao mara nyingi ni mvuke wa grisi iliyozeeka. Wengi huita kuvu pia "ukungu", lakini katika kazi hii ni heri kutenganisha maneno hayo mawili, maana tiba zake si moja. Lenzi isielekezwe juani wakati wa kuikagua, kwani inaweza kuunguza jicho.

Vumbi na mikwaruzo

Punje chache za vumbi ndani ya lenzi hazionekani kwenye picha, kwa sababu ziko karibu mno kuweza kuingia kwenye fokasi. Ziachwe. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele nao hauna madhara makubwa, isipokuwa mwanga unapotoka mbele ya mpiga picha. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ni mbaya zaidi.

Usafi wa nje huanza kwa pampu ndogo ya mpira ya kupulizia hewa, kisha brashi laini, na kitambaa huja mwisho. Vioo vya lenzi vimepakwa utando wa kuzuia mng'ao, uvumbuzi wa Alexander Smakula katika kampuni ya Carl Zeiss nchini Ujerumani mwaka 1935. Tabaka moja la utando huo lina unene wa nanomita 100 hivi. Ncha ya shati au khanga iliyobeba chembe za mchanga inatosha kuukwaruza.

Kuvu

Kuvu humea pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 70 kwa siku kadhaa mfululizo, katika giza, joto la wastani na hewa isiyotembea. Chakula chake ni mabaki ya mafuta, vumbi na nyuzinyuzi za nguo. Mkoba wa ngozi uliofungiwa kabatini Mombasa, Unguja au Dar es Salaam unatimiza masharti hayo yote, na ndiyo maana lenzi iliyokaa miaka kadhaa pwani bila kutumiwa huharibika kuliko ile inayobebwa kila siku.

Hatari yake ni asidi. Kuvu inapokua hutoa asidi ambazo hula utando wa lenzi, kisha kioo chenyewe. Ikikamatwa mapema husafishwa bila kuacha alama. Ikichelewa, nyuzi huondoka lakini njia zake hubaki zimechorwa kwenye kioo, na hakuna dawa inayozifuta.

Wengine huanika lenzi juani. Miale ya jua inaweza kuua sehemu ya kuvu, lakini haiondoi nyuzi zilizokwisha kushika kioo. Isitoshe, joto huyeyusha grisi, na lenzi iliyoachwa juani inaweza kukusanya mwanga na kuwasha moto.

Njia ya kweli ni kufungua lenzi hadi kwenye kioo kilichoathirika. Mafundi wengi hutumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, inayouzwa katika maduka ya dawa, ikichanganywa na amonia kwa vipimo sawa. Mchanganyiko hupakwa kwa pamba kwa dakika chache, kisha kioo hupanguswa kwa maji yaliyotoneshwa na kukaushwa. Utando wa lenzi za zamani unaweza kuwa laini na kubanduka, kwa hiyo pamba haisuguliwi kwa nguvu. Kazi hufanywa penye hewa, na mchanganyiko haufungiwi ndani ya chupa kwa sababu hutoa gesi. Amonia isikutanishwe kamwe na jiki: gesi inayotokea ni sumu.

Baada ya hapo lenzi huhifadhiwa kwenye sanduku la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na kipima unyevu na silika jeli, unyevu ukiwa kati ya asilimia 40 na 50. Silika jeli yenye rangi hubadilika inaposhiba maji, kwa mfano kutoka buluu kuwa waridi. Humiminwa kwenye chombo cha chuma na kukaushwa katika oveni kwa nyuzi 120 hivi. Mchele haufai kwa kazi hii. Unga wake ni chakula kingine cha kuvu. Anayetoka chumba chenye kiyoyozi aache kamera ndani ya mkoba uliofungwa hadi ipate joto la nje, la sivyo mvuke hugeuka maji juu ya vioo.

Rangi ya manjano

Baadhi ya lenzi za miaka ya 1940 hadi 1970, kama Super-Takumar ya mm 50 f/1.4, zina kioo chenye thori, madini ya mnururisho. Kioo hicho hugeuka manjano kwa umri. Hakisafishiki, lakini hung'aa tena kikiwekwa chini ya taa ya urujuanimno kwa siku au wiki kadhaa.

Diaframu na viunganishi

Vibati vya diaframu hufanya kazi vikiwa vikavu. Grisi ya pete ya fokasi ikiyeyuka na kuvifikia, hunata na kuchelewa kufunga, na picha za tundu dogo hutoka nyeupe kupita kiasi. Husafishwa kwa petroli nyepesi ya viberiti na huachwa bila mafuta yoyote.

Kwenye kamera za Canon ujumbe wa "Err 01" humaanisha kwamba kamera na lenzi haziwasiliani vizuri. Kwanza husafishwa viunganishi vya dhahabu kwa kitambaa chenye alkoholi kidogo. Ikiwa kamera inapiga tundu likiwa wazi kabisa lakini inakataa kwenye f/8, huenda waya bapa wa diaframu umekatika ndani, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kufungua lenzi

Lenzi ya kujifunzia ni ile rahisi isiyo ya kuvuta. Canon EF mm 50 f/1.8, kwa mfano, ina vioo 6 tu. Lenzi nyingi za Japani hutumia skrubu za kiwango cha JIS. Bisibisi ya kawaida ya msalaba hufanana nazo lakini huvimba kichwani mwake na kukila, na skrubu iliyolika ndani ya lenzi ni balaa. Pete zenye matundu mawili hufunguliwa kwa spana ya ncha mbili, si kwa mkasi.

Kila hatua hupigwa picha kwa simu, na kila kioo huwekewa alama ya upande ulioelekea mbele. Sehemu ngumu kuliko zote ni hesi za fokasi, yaani meno yanayozunguka kama ya skrubu. Zina milango kadhaa ya kuingilia, na ni mmoja tu ulio sahihi. Kwa hiyo mstari huchorwa kwenye vipande vyote viwili pale hasa vinapoachana. Ukikosea mlango, lenzi itafungika vizuri na kuzunguka vizuri, lakini haitaonyesha vitu vya mbali kwa ukali, na itabidi kujaribu milango yote mmoja baada ya mwingine.