Kolo: Michoro ya miambani inayotazamwa kwa mwongozaji

ZIARA ya kuitazama michoro ya miambani ya Kondoa huanzia Kolo, kijiji kilicho kaskazini mwa mji wa Kondoa, kando ya barabara ya Dodoma kwenda Babati. Unesco iliiingiza michoro hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Eneo hilo la kilomita za mraba 2,336 lina sehemu zaidi ya 150 zenye miamba iliyochorwa. Michoro myekundu ya watu na wanyama inahusishwa na wawindaji wa kale. Myeupe inahusishwa na wakulima waliokuja baadaye. Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951.

Wageni hupanda vilimani kwa vikundi vidogo, wakiongozwa na mwenyeji. Kazi yake si kuonyesha njia pekee. Rangi imekaa juu ya jiwe tupu, hivyo kuigusa au kuimwagia maji ili ionekane vizuri huifuta. Tena, katika pango la Mungumi wa Kolo wenyeji wangali wakifanya matambiko ya mvua na uponyaji. Mgeni aingiapo humo, ameingia mahali pa ibada.