Waya Ulikomea Wapi?

Historia ya televisheni nchini mwetu husimuliwa kwa tarehe. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi. Bara tukasubiri hadi 1994, ITV na wenzake walipoingia hewani. Kisha ikaja 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam. Zamu ya Dodoma ikawa 31 Januari 2013.

Ni tarehe sahihi. Ila ukiwa umekulia Busi, kule Kondoa, unajiuliza zilikuwa tarehe za nani.

Chukua ghorofa la Upanga au Kariakoo lenye televisheni ya kebo. Dishi liko juu ya paa. Mtambo hupokea stesheni, huipa kila moja masafa yake, kisha huzisukuma zote ndani ya waya mmoja. Waya unashuka sakafu kwa sakafu, ukigawanywa mlango kwa mlango, na kwa kuwa kila mgawanyo hupunguza nguvu ya mawimbi, njiani huwekwa kifaa cha kuyakuza. Wakati wa analojia mpangaji alichomeka waya nyuma ya runinga, basi. Dijitali ilipokuja, nafasi iliyobeba stesheni moja ikaweza kubeba nyingi, lakini runinga za zamani zikadai king'amuzi.

Biashara hii ni hesabu ya umbali. Ghorofani, mita 100 za waya hufikia familia nyingi. Busi, mita hizo hizo zinaweza kuishia katikati ya shamba la uwele. Nani angechimbia nguzo hapo? Kwa hiyo kwetu watu ndio walioifuata picha: kibanda cha video, mabenchi, jenereta nyuma ya ukuta, kiingilio mlangoni. Wengine husema kijiji kilichelewa. Mimi naona kibanda kilikuwa ghorofa letu, dishi moja na watazamaji wengi, ila limelazwa chini.

Umbali huo huo ulirudi kwa sura ya sheria. Mwaka 2018 TCRA ilizuia ving'amuzi vya setilaiti vya kulipia, vikiwemo vya Azam, DStv na Zuku, kurusha stesheni za ndani zinazopaswa kutazamwa bure. Hoja ilikuwa leseni: kazi hiyo walipewa wenye minara ya ardhini. Aliyeishi karibu na mnara aliweza kununua king'amuzi kingine, cha antena. Kwa kijiji ambacho mawimbi ya mnara hayafiki, dishi ndilo lililokuwa njia pekee, na neno "bure" likabaki kwenye karatasi.

Tunapoandika historia hii, tusiishie kuuliza mtambo ulizimwa lini. Tuulize pia waya ulikomea wapi, na ni nani waliolipa kiingilio ili waone kile ambacho wengine walikipata bure.