Mashine za Kale na Mafuta Yaliyolala

Katika kitabu hiki cha yubile wengine wameandika habari za Mapadre Weupe waliofika Ujiji mwaka 1879, na za makanisa na shule zilizosimama baada yao. Mimi nataka kuandika habari za chuma na mafuta, maana kazi ya misioni ilihitaji sala, nayo ilihitaji pia mashua, reli na injini. Hata leo, katika ghala za parokia kadha wa kadha, limo trekta la zamani lililofunikwa turubai, na kando yake pipa la petroli ambalo hakuna akumbukaye lilinunuliwa lini. Watu huuliza: Je, vitu hivi ni mali au ni takataka? Historia ya nchi yetu yaweza kutujibu.

Mwaka 1913 Wadachi waliunda meli Graf von Götzen katika mji wa Papenburg. Kisha waliikongoa, wakaipakia katika makasha yapata 5,000, yakavuka bahari mpaka Dar es Salaam, yakaletwa bara kwa reli. Kigoma meli ikaungwa tena, ikashushwa ziwani tarehe 5 Februari 1915. Haikutimiza mwaka na nusu, vita vikawaelemea wenyewe. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha mbele ya mlango wa mto Malagarasi, isije ikatwaliwa na adui. Lakini mafundi hawakuizamisha kama mtu atupavyo chungu kilichopasuka. Kwanza walizipaka injini zake grisi nyingi, ili maji yasipate njia ya kula chuma. Ndipo wakaiacha ishuke.

Wabelgiji walijaribu kuiinua, nayo ikazama tena karibu na Kigoma. Mwisho Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, wakaona kwamba injini bado zafaa. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya la Liemba. Mvuke uliiendesha hata miaka ya 1970, ndipo zikawekwa injini za dizeli. Mwaka 1997 iliwarudisha Kongo wakimbizi wengi mno, na mwaka 2015 ikawachukua Warundi waliokimbilia Kagunga, ikawaleta Kigoma. Roho ngapi zilivuka salama kwa sababu ya grisi ile ya mwaka 1916!

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1946, mwaka ule ule ilipoundwa Vikarieti ya Kigoma, serikali ya Uingereza ilikubali shauri kubwa la kulima karanga katika Tanganyika: Kongwa, Nachingwea, na Urambo, jirani yetu kwa njia ya reli. Matrekta mengi yalinunuliwa katika mabaki ya vita, mengine kutoka Ufilipino, nayo yalikuwa yamechakaa. Madereva hawakufundishwa vya kutosha, vipuri vilikosekana, na ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu kama saruji. Mwaka 1947 haukwisha ila mengi yalikuwa yameharibika. Mwaka 1951 shauri likaachwa, na mamilioni ya pauni yamepotea. Basi, meli iliyolala majini iliamka, na matrekta yaliyokuwa nchi kavu yalikufa. Uzee wa chuma siyo sababu. Tofauti ni matunzo na maarifa.

Na petroli ile ya pipani? Nayo hulala kama ugali wa jana. Sehemu zake nyepesi hupaa angani, hata injini ikawa ngumu kuwaka. Na hewa ikiigusa siku nyingi hufanya utomvu unaoziba kabureta. Injini za siku hizi huikataa. Lakini trekta la kale la petroli halikandamizi hewa kwa nguvu nyingi, nalo huvumilia zaidi. Mengine yaliundwa yawashwe kwa petroli, kisha yakipata moto yaendeshwe kwa mafuta ya taa. Kwa hiyo petroli iliyolala kidogo, ambayo bado ni safi, ichujwe, maji yatengwe, ichanganywe kidogo kidogo na petroli mpya iliyo nyingi zaidi, itumike shambani hata iishe. Iliyogeuka rangi na kunuka uchungu isitiwe katika injini. Wala isitiwe kamwe katika trekta la dizeli, wala katika taa au jiko la mafuta ya taa, maana huko hulipuka na kuua watu. Isimwagwe chini, wala ziwani tunamovua dagaa na kuteka maji.

Bwana wetu alipokwisha kuwalisha makutano, aliagiza mabaki ya mikate yakusanywe, kisipotee kitu. Aliyeweza kuumba mkate hakudharau makombo. Nasi walimu na Wakristo wa pwani ya ziwa hili tukiachiwa mashine na wazee wetu, tuipake mafuta kabla ya kuifunika, tuandike juu ya pipa tarehe ya kununuliwa, tumfundishe kijana mmoja kazi ile. Huyo atakayefunua turubai baada ya miaka mingi atajua kama tulikuwa mawakili waaminifu.