Yanayopaswa Kukamilishwa Kabla ya Safari ya Kikundi ya Kurekodi Filamu ya Makala

Maandalizi ya safari ya kurekodi filamu ya makala huanzia mezani, miezi kadhaa kabla ya kamera ya kwanza kuwashwa. Kikundi kinachofika porini kikiwa na vifaa bora lakini hakina nyaraka hupoteza siku ambazo zimekwisha kulipiwa magari, malazi na posho, na tukio kililolifuata huweza kupita kikiwa bado kinasubiri langoni.

Hatua ya kwanza ni kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, Sura ya 230, inaelekeza kuwa utengenezaji wa filamu ufanyike kwa kibali, na chombo kinachosimamia suala hilo Tanzania Bara ni Bodi ya Filamu Tanzania. Maombi huambatana na andiko au muhtasari wa filamu, majina ya wahusika wote, maeneo yatakayorekodiwa, tarehe na orodha ya vifaa. Mambo hayo yanapaswa kulingana na hali halisi ya safari. Kikundi kilichoandika watu watano kikasafiri na saba, au kilichoomba kurekodi Karatu kikaamua njiani kuingia Ziwa Eyasi, kitakuwa nje ya kibali chake. Ni busara kuorodhesha mapema hata maeneo ya akiba.

Kibali hicho hakifungui milango yote. Hifadhi za Taifa zina mamlaka yake, TANAPA. Eneo la Ngorongoro lipo chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Na mapori ya akiba husimamiwa na TAWA. Kila mmoja ana utaratibu na tozo zake za kurekodi, ambazo ni tofauti na kiingilio cha mtalii. Kwa upande wa Zanzibar, masuala ya filamu yapo chini ya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, hivyo kikundi kinachopanga kuanzia Serengeti na kumalizia Mji Mkongwe kinahitaji kuomba pande zote mbili. Wageni kutoka nje ya nchi wanapaswa pia kuhakikisha kuwa viza zao zinaruhusu kazi waliyokuja kuifanya. Viza ya matembezi si ya kazi.

Ratiba ipangwe kwa kufuata majira. Nyumbu huzaa kwa wingi katika nyanda za kusini mwa Serengeti na Ndutu kati ya Januari na Machi, na huvuka Mto Mara, kaskazini, kati ya Julai na Oktoba. Mvua za masika, Machi hadi Mei, huharibu barabara nyingi za udongo. Anayetaka picha za mto kufurika nyumbu asiombe kibali cha wiki moja tu: wanyama hawafuati kalenda ya mtayarishaji, na siku nne au tano za ziada ndizo zinazookoa filamu.

Suala la kurekodi kutoka angani linahitaji uangalifu wa pekee. Kibali cha filamu hakihalalishi kurusha ndege isiyo na rubani, maarufu kama droni. Ruhusa hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na ndani ya hifadhi huhitajika pia idhini ya mamlaka ya hifadhi husika. Wapo wanaoliona takwa hilo kuwa ni urasimu. Historia ya Serengeti yenyewe inaonesha vinginevyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, kutoka Ujerumani, walitumia ndege ndogo yenye milia kama ya pundamilia kuhesabu wanyama na kurekodi filamu ya makala kuhusu hifadhi hiyo. Tarehe 10 Januari, 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi na kuanguka. Michael, aliyekuwa na umri wa miaka 24, alifariki dunia na kuzikwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Filamu yao ilitunukiwa tuzo ya Oscar mwaka 1960. Anga la Serengeti bado lina tumbusi wengi, na sasa lina pia ndege nyingi ndogo za abiria zinazotua katika viwanja vya hifadhini.

Kuhusu forodha, vifaa vinavyoingizwa kwa muda na kurejeshwa nje hushughulikiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotoa muda usiozidi miezi 12. Orodha iandikwe kifaa kwa kifaa, pamoja na namba yake, thamani na nchi kilikotoka. Lenzi na vipaza sauti visisahaulike. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni, 2019, hivyo vifaa vifungwe kwa turubai au vitambaa.

Betri za akiba za lithiamu hazipakiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege, husafiri mkononi. Zisizozidi wati-saa 100 hubebwa bila idhini maalumu, za zaidi ya 100 hadi 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege na haziruhusiwi kuzidi mbili kwa abiria, na zinazozidi hapo hazikubaliwi kabisa kama mzigo wa abiria. Nafasi ya kuhifadhia picha nayo ihesabiwe: kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa moja, na kila picha inahitaji nakala mbili zinazosafiri katika magari tofauti.

Kijijini, kikundi huripoti kwanza kwa uongozi wa wilaya, kisha kwa Mtendaji wa Kijiji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki juu ya taarifa zinazomtambulisha, na picha ya uso wake ni mojawapo. Ridhaa iombwe kwa lugha anayoielewa mhusika, kabla ya kurekodi, aelezwe filamu itaoneshwa wapi. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Malipo, kama yapo, yajadiliwe waziwazi mbele ya viongozi, maana fedha inayotolewa kwa siri kwa mtu mmoja huacha ugomvi nyuma.

Kinga ya malaria, bima inayogharamia usafiri wa dharura na, kwa watokao nchi zenye homa ya manjano, cheti cha chanjo ni vya lazima kuandaliwa mapema.

Nakala halisi ya orodha ya vifaa iliyogongwa muhuri wakati wa kuingia ikabidhiwe mtu mmoja wa kikundi kwa safari nzima. Ndiyo itakayodaiwa siku ya kutoka.